Kiko cha Dani

Dani, nyanya yangu, alivuta kwesi: kiko cha udongo chenye mrija wa tete. Nilikuwa na miaka 15 aliponiita jikoni kwake, karibu na ufuo wa Dunga. "Mume wangu, mikono inatetemeka. Nijazie." Kwetu Wajaluo nyanya humwita mjukuu mume, na mume hakatai.

Akanifundisha. Jani la tumbaku kutoka soko la Kibuye unalisugua kiganjani, lakini lisiwe unga. Chini unaacha legelege, juu unabana kidogo. Ukishindilia, utavuta mpaka mashavu yaume na moshi usije. Kisha kaa dogo la moto juu yake.

"Onja. Lakini usimeze."

Nikameza. Nikakohoa mpaka machozi, naye akacheka mpaka akashika mbavu.

Kicheko kile nilikitafuta kwenye sigara kwa miaka kumi na moja, pakiti baada ya pakiti. Sikukipata. Niliacha mwaka niliomuuguza, kifua chake kikikoroma usiku kucha.

Juzi mpwa wangu wa miaka 16 alikiona kiko kabatini. "Anko, si unionyeshe vile kinajazwa?"

Sheria ya 2007 inakataza hata kumuuzia tumbaku mtoto wa umri wake. Nikamwonyesha kwa majani chai: legelege chini, bana juu. Akauliza kiberiti kiko wapi. Nikamweleza habari za kile kifua.

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na kweli alikuwa anakuita mume?"

Tukacheka wote wawili.