Fundi Aliyejua Viuno vya Mtaa

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kijenge, Arusha, ilikuwa mtaa wa watembea kwa miguu. Asubuhi, Mlima Meru bado umejifunika ukungu, barabara ya mjini ilijaa vibarua, wanafunzi na akina mama kutoka Moshono wenye mikungu ya ndizi kichwani. Vifodi vilikuwepo, ila nauli ilitunzwa kwa siku ya mvua. Nyumbani tulikula makande, loshoro, ndizi na maharage. Nyama ilisubiri Jumapili, soda ikasubiri Krismasi.

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani pa duka. Nikitoka shule nilimtungia uzi kwenye sindano, maana macho yake yalishaanza kumgomea. Vipimo vya wateja aliviandika kwenye daftari la mistari. Mtu akileta suruali iachiwe kiunoni, fundi alipaza sauti barabara nzima isikie: "Hongera mzee, umenawiri!" Mzee alicheka, akalipa bila kuomba apunguziwe. Aliyekuja kubaniwa nguo alipimwa kimyakimya. Miaka ile UKIMWI ulikuwa umeingia karibu kila ukoo, na kukonda kulitosha kukuzushia maneno. Kitambi kilikuwa cheti cha afya.

Kisha zikaja fedha za machimbo ya Mirerani. Madalali wa Tanzanite walishonesha suti, na mwaka haukuisha kabla hawajazirudisha zipanuliwe. Walikula nyama choma na bia mpaka usiku, wakapanda gari hata kwenda dukani. Sisi tusio na mawe tulipata chipsi mayai za kibandani, zilizokaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Tukaanza kusikia fulani ana presha, fulani ana sukari, fulani kaanguka bafuni na upande mmoja umekufa. Wengine walisema amerogwa.

Madaktari walikwishaona kwamba maradhi haya hutembea pamoja. Mwaka 1988 Gerald Reaven wa Marekani aliyaeleza kama kundi moja, chanzo chake mwili kushindwa kuitikia insulini. Leo vinatazamwa vitu vitano: kiuno kipana, presha, sukari, mafuta ya damu yaliyozidi na kolesteroli nzuri iliyopungua. Ukiwa na vitatu, umo kwenye kundi hilo. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji vya Tanzania, vingine vya Kilimanjaro: wenye kisukari hawakufika asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban asilimia 9 kwa wenye miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikupima kwa namna moja, lakini pengo hilo halizibwi na tofauti ya vipimo peke yake.

Siwakubali wanaosema watu wetu ni walafi na wavivu. Tuliogopa kukonda kwa sababu tulizika waliokonda, na tuliacha kutembea siku nauli ilipopatikana. Nani angekataa?

Mipaka ya kiuno inayotumika ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, yaani inchi 37 na 31 na nusu. Imeazimwa kwa Wazungu kwa kuwa takwimu za kwetu hazijatosha, lakini ndiyo tuliyo nayo. Ukienda kushona nguo, muulize fundi namba ya kiuno chako. Ikipita hapo, nenda zahanati ukapime presha na sukari hata kama huumwi.