Mwenzi wa Ubavuni: Usiku Mmoja Ziwa Victoria

Mama mmoja wa mtaani kwetu ametuuliza: anayesafiri peke yake melini, je, akubali kulala chumba kimoja na asiyemjua ili apunguze gharama? Swali lake limeturudisha Mwanza.

Tulikuwa tukielekea Bukoba kwa MV Victoria, meli kongwe iliyorejea ziwani mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Husafiri usiku kucha. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Hata katika meli za watalii zinazotia nanga Kilindini, bei ya chumba hupangwa kwa watu wawili, na aliye peke yake aghalabu hutozwa ziada kubwa. Nasi, kwa kubana matumizi, tulilipia kitanda kimoja tu, cha juu.

Mwenzetu alikuwa mzee kutuzidi, wala hakuwa Muislamu. Alipotuona tukichechemea kwa maradhi ya goti, alituachia kitanda chake cha chini, akapanda juu bila ya neno. Na sisi je? Tuliulalia mkoba wetu wa fedha, tukaiacha taa ikiwaka tukisoma nyiradi hadi usiku mwingi, wala hatukumuuliza hata jina. Alfajiri, vilima vya Bukoba vilipoanza kuonekana, alitueleza kwamba anakwenda kumzika mwanawe. Hakuwa amefumba jicho.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu anapoamrisha wema kwa wazazi, jamaa na majirani, humtaja pia mwenzi wa ubavuni. Wako wafasiri waliosema kuwa huyo ni mwenzi wa safari. Aya hiyo tumewafundisha watoto miaka mingi. Usiku ule ilitupita.

Basi mama yetu, kuhusu safari ya mwanamke bila ya maharimu, wanazuoni wametofautiana. Muulize unayemwamini kabla ya kukata tiketi. Kisha hakikisha kuwa chumba ni cha wanawake watupu, na uhifadhi stara yako hata mbele yao. Fedha zako zifunge vyema, si kosa. Ukijiona huwezi kuustahimili mkoromo wa mwenzio, lipia chumba kizima ukiwa na uwezo, wala si israfu. Lakini ukikubali kushiriki, umekubali jirani mwenye haki juu yako. Mtangulie kwa maamkizi, na umuulize aendako kuna heri gani.

Wabillahi tawfiq.