Mvua Haiji kwa Siri

Hapa Uganda theluji hukaa juu ya vilele vya Ruwenzori, mbali na sisi tuuzao kando ya barabara. Adui wa mfanyabiashara wa Kampala asiye na paa ni mvua, nayo haiji kwa siri. Aghalabu hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Askari ajuaye njia ya adui huandaa ulinzi mapema. Mimi, mke wa polisi, nilichelewa kuelewa jambo hilo.

Mwaka wangu wa kwanza niliuza unga, maharagwe na makaa karibu na kambi yetu. Mtaji ulikuwa karo ya mtoto, ambayo mume wangu aliniamini niizungushe. Adhuhuri moja ya Aprili mawingu yalitanda. Niliyaona, lakini nikasema moyoni, "Ngoja nimhudumie mteja huyu." Kabla sijamrudishia chenji, mtaro uliojaa taka ulikuwa umefurika, na magunia yaliyokuwa chini yamelowa. Unga wote uliharibika.

Jioni nilitenda kosa kubwa zaidi. Ili kukausha makaa, niliwasha sigiri chumbani, nikafunga mlango na dirisha kuzuia baridi. Mume wangu alipotoka zamu alitukuta mimi na watoto tukiumwa vichwa, tumelegea. Alitutoa nje upesi, akaniambia, "Mama watoto, unga hununuliwa tena."

Tangu siku hiyo, magunia yangu hukaa juu ya mbao zilizoinuliwa. Turubai nimeliinamisha upande wa nyuma, maji yasituame juu yake. Mtaro huuzibua kabla ya Machi na kabla ya Septemba. Makaa huyanunua wakati wa kiangazi, yangali makavu, kwa kuwa njia zikiwa matope malori huchelewa na bei hupanda. Siku za mvua hupunguza unga mezani, nikauza chai ya tangawizi, kwani baridi nayo huleta wateja. Radi ikianza kunguruma, huacha meza nikaingia katika nyumba imara. Sijikingi chini ya mti.

Sigiri yenye moto haiingii tena chumbani. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haionekani wala hainuki, na huua watu usingizini. Karo nayo ina kopo lake, halichanganywi na mtaji.

Akina mama wenzangu, dalili ya mvua ni mawingu. Tuyaonapo, tuokoe watu kwanza, kisha mali.