Betri Iliyosingiziwa

Katika mtaa wa Kahawa Sukari, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, anakaa mwalimu mmoja mstaafu mwenye gari la Peugeot 504. Vijana hulicheka, lakini watu wazima hawalicheki, kwa maana wanakumbuka kwamba gari la jina hilo ndilo lililoshinda mbio za Safari mwaka 1975, na tena mwaka 1978. Mwalimu alilinunua angali kazini, naye hulitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa.

Ikawa gari likilala usiku, asubuhi haliwaki. Stata hulia mara moja, kisha kimya. Mwalimu akaitupa betri, akanunua mpya, akampa kijana fundi wa jirani aifunge. Jioni ile kijana alisema, "Mwalimu, injini inanguruma na taa nyekundu ya chaji bado inawaka hafifu. Afadhali tuitazame." Mwalimu akajibu kwamba mchana taa hiyo haionekani kabisa, na kwamba yeye aliendesha gari hilo kabla fundi hajazaliwa.

Juma moja halikuisha, betri mpya nayo ikafa. Mwalimu akakasirika, akanena dukani mbele ya watu kwamba kijana amembadilishia betri na kumwekea kuukuu. Maneno yakaenea. Wateja wawili wakaondoa magari yao kwa yule fundi siku ile ile, na Mwalimu akaazimia kwenda kwa chifu.

Kijana alipopata habari hakugombana. Alikuja kwa adabu, akaomba apewe siku moja tu. Akaleta chaja ya kuazima, betri ikachajiwa sebuleni kwa Mwalimu mwenyewe, ikaachwa ipumzike mpaka asubuhi. Ndipo kijana akatoa kipimo cha volti, akasema, "Usinisadiki mimi, Mwalimu. Soma tarakimu kwa macho yako."

Mwalimu akasoma 12.6. Betri ilikuwa imejaa, nayo ilikuwa nzima.

Hapana budi kufahamu kwamba betri ni ghala tu. Mkulima wa ghala hilo ni alteneta, inayozungushwa na injini kwa mkanda, na kazi yake ni kurudisha umeme uliotumika. Basi injini ikawashwa pamoja na taa za mbele. Betri ilipaswa kuonyesha volti 14 hivi, ilionyesha 12.4. Mkanda haukulegea. Kijana akapima kwenye alteneta yenyewe, ikaonyesha 14.2. Mkulima alikuwa akivuna vema, bali mavuno hayakufika ghalani.

Akaweka ncha moja ya kipimo kwenye alteneta, na ya pili kwenye kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha. Waya ukiwa mzima, kipimo husoma karibu na sifuri. Hapa kilisoma 1.8. Injini ikazimwa, betri ikafunguliwa, mpira wa waya ule mnene ukavutwa nyuma. Kiungo kilikuwa kimeota kutu ya kijani na kuungua kwa joto. Kikakatwa, waya ukasuguliwa kwa msasa, kikafungwa kipya. Gari lilipowashwa, betri ilisoma 14, na ile taa nyekundu, hata ilipofunikwa kwa kiganja ili kuleta giza, haikuonekana tena. Ndiyo iliyokuwa ikisema kweli tangu mwanzo, kwa sauti ndogo.

Mwalimu alilipa ujira, kisha akafanya jambo lililokuwa zito kuliko malipo. Alirudi kwenye duka lile lile, saa ile ile ya jioni, akawaambia watu kwamba kijana hakuiba kitu, na kwamba yeye alihukumu kabla ya kupima. Neno lililotupwa dukani halirudishwi kwa kunong'ona nyumbani.

Mmoja wa wale wateja wawili alirudi kwa fundi kesho yake. Wa pili hajarudi mpaka leo.