Mkalimani na Mzani

Baina ya Bukoba na Muleba hakuna mkulima asiyejua uchungu wa mzani. Kahawa ya maganda huanikwa siku nyingi, ikapepetwa, ikatiwa guniani, na kazi ya mwaka mzima ikaishia katika tarakimu isomwayo na mtu mwingine. Asiyeuamini mzani wa chama hurudi kwenye butura, yaani huuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Na butura imefukarisha nyumba nyingi.

Kijana mmoja wa Bukoba aliombwa na chama cha msingi cha upande wa Muleba awatengenezee daftari la kompyuta. Alijua PHP, lugha ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa watu mwaka 1995. Ni lugha ya ukarimu, hufasiriwa papo hapo ndani ya seva, na mtu akikosea aghalabu huambiwa kosa liko mstari gani. Lakini mzani wa umeme ulikuja na programu iliyoandikwa kwa C na kugeuzwa kabisa kuwa lugha ya mashine: tofali lililokwisha kuchomwa, halifinyangwi tena. Zamani kuunganisha viwili hivi aghalabu kulitaka kiungo kingine kilichoandikwa kwa C yenyewe. Toleo la 7.4 la PHP, lililotoka Novemba 2019, lilileta mkalimani aitwaye FFI.

Mkalimani huyu huamini kila aambiwalo. Hutangaziwa jina la kazi, aina ya vitu inavyopokea na aina ya jibu inalorudisha. Naye hana wa kumwuliza kama ni kweli, maana tofali lililochomwa kwa kawaida halichukui maelezo hayo. Akitangaziwa uongo, ama seva huanguka ghafula bila ya neno la buriani, ama, na hili ni baya zaidi, hurudi jibu la uongo lenye uso wa kweli. Waliomwumba waliijua hatari hiyo. Ndiyo sababu, pasipo kubadili mipangilio, kurasa za wavuti hazimtumii ila kwa mafaili yaliyopakiwa mapema seva inapowashwa.

Kijana alitangaza kwamba mzani hurudisha desimali ya biti 32, nayo ilikuwa ya biti 64. Siku ya majaribio gunia la kilo 62.5 lilisomeka sifuri. Gunia la kilo 62.3 lilisomeka namba ya tarakimu 24, uzito uupitao ule wa mwezi wa mbinguni zaidi ya mara tatu! Mkalimani alikuwa akisoma nusu ya chini ya biti zile peke yake. Namba 62.5 hukaa yote katika nusu ya juu, ya chini ikabaki tupu, 62.3 haikatiki sawasawa katika hesabu ya mbili, na masalio yake huijaza nusu ya chini.

Watu walilicheka gunia la mwezi. Mzee katibu, aliyekuwa akiandika kila gunia kwa kalamu, hakucheka.

“Mwanangu,” alisema, “hili lililozidi kila mtu ataliona. Hili la sifuri, mjane ataambiwa hakuleta kitu.”

Kijana alifuta neno moja, float, akaandika double. Magunia yakapandishwa tena mzanini, 62.5 ikawa 62.5. Katibu hata hivyo hakuiweka kalamu chini msimu ule wote, wala kijana hakumwomba aiweke.