Babako Andika "Hakuna"

Siyu, kisiwani Pate

Mpwa wangu,



Simu yako ya jana imenikosesha usingizi. Umekaa saiba huko Lamu, fomu ya mkopo wa masomo inakuuliza wazazi wamesoma hadi wapi, na mwenzako keshamwandikia babake "sekondari" asionekane mshamba. Wewe babako andika "hakuna". Mamako andika darasa la tatu, maana ndilo alilofika.

Hiyo mikopo ya HELB inapima hali ya nyumbani. Ukimpandisha babako darasa kwa aibu, waweza kujipunguzia msaada mwenyewe. Na kile chuo cha Marekani alichokutajia mwalimu wako, wao wana jina kabisa la mtoto kama wewe: kizazi cha kwanza, yaani ambaye baba wala mama hakumaliza shahada. Usiseme kakako ana diploma ya Mombasa basi wewe huhesabiwi. Wanaoangaliwa ni wazazi.

Ila neno hilo "kizazi cha kwanza", mwanangu, linanichekesha. Hapa Siyu mtu akikwambia alisoma chuoni, yaani madrasa, humuulizi shahada, wamuuliza mwalimu wake nani. Mamako huwa jikoni anakuna nazi, mtoto kule barazani akiteleza aya moja, yeye humrudisha bila hata kugeuza uso, na mbuzi haisimami. Ule msahafu wa babu kwenye kidaka, wenye wino mweusi, mwekundu na manjano, uliandikwa kwa mkono mji huu huu, na misahafu ya Siyu ya karne ya 18 na 19 leo imefika hadi makumbusho ya ng'ambo. Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka aliyetawala hapa, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858. Angeletewa fomu hiyo, naye angejaziwa "hakuna".

Kwa hivyo wewe si wa kwanza kwenda chuo. Ni wa kwanza kwenda chuo kikuu. Pale hao wa Marekani wanapotaka insha, waeleze habari ya mbuzi na aya. Usiwalilie umaskini, wa kulia ni wengi.

Mimi mwaka 1987 niliitwa chuo kimoja cha ualimu. Barua ilitaka fomu ya daktari na pesa za kwanza, na sikujua fomu hiyo hujazwa wapi. Mzee mmoja mtaani alikuwa karani mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Niliona haya kumuuliza. Nikaitia barua ndani ya juzuu, nikangoja nisijue nangoja nini, hadi siku ikapita. Ndiyo maana unaniona hadi leo nashona viatu vya ngozi. Kazi nzuri, siikufuru, lakini sikuichagua.

Basi uliza. Muulize kijana wa saiba, muulize aliyetangulia, uliza hata mara tatu.

Jambo moja la haraka. Kitambulisho cha babako kimeandikwa Mohamed, cheti chako cha kuzaliwa kinasema Muhamadi. Mtambo haujui kuwa ni mtu mmoja. Jina hilo lirekebisheni kwenye ofisi ya vizazi na vifo kabla hujabonyeza kutuma. Babako atavuka Alhamisi maji yakijaa, na kitambulisho anacho. Nauli nimeshampa nahodha.

Mjombako