Pate: Mji uliovisha pwani hariri

Msomaji mpenzi, ikiwa umewahi kuvuka daraja la Nyali ukielekea Kisauni, basi umepita karibu na kwetu Mkomani. Ndiko nilikozaliwa, na ndiko anakoishi nyanya yangu, ajuza wa miaka themanini na ushei ambaye hadi leo akiulizwa kwao ni wapi hujibu bila kusita: "Pate."

Mwezi mmoja kabla ya arusi ya mpwa wangu, nyumba nzima ilikuwa katika pirikapirika. Leso zilikuwa zimekwisha nunuliwa Mtaa wa Biashara, na mpambaji amekwisha pewa arbuni yake. Siku moja tulimwonyesha nyanya kitambaa cha siku ya kupamba, chekundu, cha kumetameta. Alikishika kwa vidole viwili, akakisugua kidogo, akakirudisha.

"Hii ni nailoni," alisema. "Watu wa Pate walikuwa wakifuma hariri kwa mikono yao. Mimi sikuiona, nilisimuliwa na nyanya yangu. Nenda ukaniangalizie kama kumesalia hata mtu mmoja anayejua."

Mzee akikutuma huna la kusema ila "naam". Wiki iliyofuata mimi na binti yangu, mwanafunzi wa shule ya upili ambaye hupenda somo la historia kuliko hesabu, tulikuwa ndani ya basi la Lamu.

Safari yenyewe

Kutoka Mombasa basi hupita Mtwapa, Kilifi, Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Wenye umri wangu watakumbuka barabara ya Garsen ilivyokuwa: mchanga wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika. Siku hizi kuna lami, ingawa bado kuna vizuizi vya polisi ambapo abiria hutakiwa kuonyesha vitambulisho. Mokowe tulipanda boti hadi Lamu, tukalala huko, na asubuhi tukatafuta chombo cha kwenda Pate.

Hapo ndipo binti yangu alipojifunza kwamba huko saa haisomwi ukutani bali husomwa baharini. Chombo hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Maji yakiwa madogo, hakupitiki. Tulingoja maji yajae, tukaondoka, na hatimaye tukashuka Mtangawanda. Kutoka hapo hadi mji wa Pate ni mwendo wa miguu wa kama saa moja.

Mji ndani ya mji

Anayefika Pate mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni mitaa yake, myembamba kiasi kwamba ukikutana na punda aliyebeba mzigo ni lazima mmoja wenu arudi nyuma, na huyo mmoja si punda. La pili ni magofu. Nje kidogo ya nyumba za leo kuna mji mwingine wa mawe ya matumbawe: kuta ndefu, misikiti iliyoporomoka, na mabaki ya nyumba za wakubwa wa ukoo wa Nabahani walioutawala mji huu kwa karne nyingi. Katikati ya kuta hizo wenyeji wamelima tumbaku. Pahali palipokuwa sebule ya tajiri, leo pamepandwa matuta.

Ndani ya mji huu ndimo hariri ilimofumwa. Padri mmoja Mreno aitwaye Monclaro, aliyepita pwani yetu mwanzoni mwa miaka ya 1570, aliandika kwamba Pate kulikuwa na nguo za hariri za thamani kubwa, na kwamba Wareno walipata faida nono kwa kuziuza katika miji mingine ya Waislamu, kwa sababu hazikufumwa kwingine ila Pate.

Pwani yetu haikuwa na mazoea ya kufuga viwavi wa hariri. Nyuzi zilitoka ng'ambo kwa majahazi ya msimu. Hata kufumua nguo iliyokwisha fumwa si jambo geni katika historia yetu. Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliandika mapema katika karne ya 16 kwamba wafumaji wa Sofala, kusini kabisa mwa pwani hii, walifumua vitambaa vya buluu vilivyotoka Cambay, India, wakachanganya nyuzi zake na pamba yao nyeupe. Fundi hakuipokea nguo ya mgeni jinsi ilivyo, aliifanya mtaji.

Na si kazi ya mchezo. Katika kitanda cha mfumi kwanza hutandazwa nyuzi za urefu, ziitwazo mtande, kisha mshindio hupitishwa kwa upana, juu na chini, juu na chini, na kila mara hugongwa ukabana. Uzi mmoja ukikosewa, kosa hubaki kwenye nguo maisha yake yote.

Tulipata mwenyeji wetu, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa akirudi shambani. Baada ya salamu na kuulizana koo, nilimweleza nilichotumwa. Alinyamaza kidogo.

"Mwanangu," alisema, "hata babu yangu hakuwaona wafumi. Sisi tumerithi jina tu. Mwambie nyanya yako asidhani kwamba twamficha."

Sina haja ya kuficha kwamba nilihuzunika. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kutafuta mtu ambaye hayupo kwa zaidi ya miaka mia.

Kwa nini wao na si sisi?

Usiku ule, tukiwa tumelala juu ya kitanda cha kamba, binti yangu aliniuliza swali ambalo limenikaa hadi leo. Pale Mtaa wa Biashara tulikuwa tumeonyeshwa sari ya hariri, na mwenye duka akatwambia kwa fahari kwamba imetoka Kanchipuram. "Mbona wao bado wafuma na sisi tumeacha?" aliuliza.

Kanchipuram, kwa wasioujua, ni mji wa kale kusini mwa India, takriban kilomita 75 kutoka Chennai. Ulikuwa makao makuu ya wafalme wa Pallava, na husifiwa kuwa mji wa mahekalu elfu moja. Hekalu lake la Kailasanathar lilijengwa kwa mawe ya mchanga mwanzoni mwa karne ya 8. Na kama ilivyokuwa Pate, hariri nyingi ya Kanchipuram haitoki hapo. Nyuzi zatoka jimbo la Karnataka, na zile za dhahabu zatoka Surat, mbali sana kaskazini. Kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba Pate ilishindwa kwa kukosa malighafi.

Sababu za Pate si moja. Kulikuwa na vita: mnamo 1678 Wareno waliushambulia mji huo, na karibu mwaka 1812 Pate na Wamazrui wa Mombasa walishindwa na Lamu katika vita vya Shela. Bandari yake yenye maji machache iliachwa na vyombo vikubwa, na biashara ikahamia Lamu, kisha Unguja. Kuanguka huko ndiko kulikoliliwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika utenzi wa Al-Inkishafi. Halafu ikaja merikani. Mnamo 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na kitambaa cha viwanda vyao kikajaa pwani nzima. Kilikuwa rahisi, nacho kilikuwa kigumu. Nani angengoja mfumi wiki kadhaa?

Lakini merikani peke yake haiui kazi ya mikono. Kanchipuram pia ilifikiwa na nguo za viwanda vya Uingereza, na hata leo mafundi wake hulalamikia mashine za umeme na vijana wanaokimbilia kazi za mjini. Kilichowaokoa ni kwamba huko kusini mwa India familia nyingi haziko tayari kumwoza binti bila sari ya Kanchipuram. Atakopa baba, atauza ng'ombe, lakini sari itapatikana. Maadamu bibi arusi angali aidai, kitanda cha mfumi hakikauki. Sisi tuliacha kudai, na mafundi wetu wakaacha kufuma.

Nilichomletea nyanya

Asubuhi mzee yule alitukaribisha kwake kwa chai. Mkewe alikuwa amekaa barazani akishona kofia ya vito, ile kofia nyeupe yenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi kwa sindano. Kofia moja huweza kumchukua mshonaji miezi. Nilipouliza bei nilishtuka. Kisha nikakumbuka kile kitambaa chekundu, na pesa tulizotoa bila kulalamika. Nililipa.

Msomaji utakayependa kwenda, tembea na mwenyeji, vaa mavazi ya heshima, beba maji ya kutosha, na uulize habari za maji ya bahari kabla ya kupanga siku ya kurudi. Ukiwa na nafasi, fika pia Siyu uone ngome yake.

Mkomani nilimkuta nyanya kibarazani. Nilimweleza kwamba hariri ya Pate haipo tena, na hakuna aliyebaki. Hakusema kitu. Nikamkabidhi kofia. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hivyo aliisoma kwa ncha za vidole, tundu baada ya tundu, akaizungusha mpaka akafika alipoanzia.

"Hii ni ya nani?"

"Ya bwana arusi."

"Na kaka zake watavaa nini?"

Nilimwambia watavaa za dukani, zile za mashine.

"Basi rudi," alisema nyanya. "Waagizie na wao. Hariri tuliisahau hivi hivi, arusi moja baada ya nyingine."